Usikate Mbeleko: Habari za Wakulima wa Kanola

Kila mmoja na awe na daftari na kalamu, maana leo tutafanya hesabu kidogo. Somo letu ni la historia, na habari zake zinatoka mbali, katika nchi ya Kanada. Lakini jambo lenyewe kila mkulima analijua: mtu atarajie mavuno kiasi gani, naye hajui mvua itakuwaje?

Wazee wetu husema, usikate mbeleko mwana hajazaliwa. Tutaona jinsi wakulima wa Kanada walivyojifunza maneno hayo kwa taabu.

Upande wa magharibi wa Kanada kuna majimbo matatu yenye mbuga kubwa: Manitoba, Saskatchewan na Alberta. Nchi ni tambarare, na majira ya baridi ni marefu hata ardhi huganda. Mkulima hupanda mwezi wa Mei, akavuna mwisho wa Agosti au Septemba. Msimu ni huo mmoja tu. Akiukosa, hana vuli ya kumwokoa.

Katika mwaka wa 1857 Waingereza walimtuma Bwana John Palliser azichunguze mbuga hizo. Alisafiri mpaka 1860. Aliporudi alieleza kwamba sehemu kubwa ya kusini ni kavu mno, haifai kwa kilimo. Baadaye, kati ya 1872 na 1881, alipita huko mtaalamu wa mimea, Bwana John Macoun. Yeye aliona majani mabichi na ardhi yenye unyevu. Akasema nchi hiyo ni njema, na ngano itastawi.

Je, ni nani kati yao aliyesema uongo? Hakuna. Palliser alipita katika miaka ya ukame, na Macoun katika miaka ya mvua. Kila mmoja alisema aliyoyaona kwa macho yake. Kosa lilikuwa kudhani kwamba miaka michache inatosha kuijua nchi.

Watu wengi walipenda kuamini habari njema. Wahamiaji walikuja kwa maelfu, wakapewa ardhi, wakalima ngano. Katika miaka mizuri walivuna sana, wakakopa fedha, wakanunua mashine na mashamba zaidi, kana kwamba kila mwaka utakuwa kama huo. Kisha, katika miaka ya 1930, mvua ilikatika na bei ya ngano ikaanguka. Upepo ulipeperusha udongo mpaka mchana ukawa kama usiku. Watu wapatao 250,000 waliondoka katika majimbo hayo. Madeni yalibaki kama yalivyoandikwa, ingawa mavuno hayakuwapo.

Sasa tuje kwenye kanola. Mmea huu ni ndugu wa kabichi na haradali. Una maua ya manjano, na mbegu zake ni ndogo sana, nyeusi, zenye mafuta mengi. Katika Vita Kuu ya Pili wakulima wa Kanada waliombwa kupanda mmea uliomzaa kanola, kwa sababu mafuta yake yalifaa kulainisha mitambo ya meli. Vita vilipokwisha, wataalamu walitaka mafuta hayo yafae kwa chakula. Bwana Keith Downey na Bwana Baldur Stefansson walifanya kazi miaka mingi kuchagua mbegu, kuondoa asidi isiyotakiwa na ukali uliodhuru mifugo. Mwaka 1974 ilitolewa mbegu ya kwanza iliyotimiza mambo yote mawili. Jina la kanola lilianza kutumika mwaka 1978.

Zao hili liliwapendeza wakulima, maana lilileta fedha. Lakini lina udhaifu mmoja. Joto likipita digrii 30 za Sentigredi wakati wa maua, na udongo ukiwa mkavu, maua hupukutika bila kuacha vijiganda vya mbegu. Shamba la manjano linapendeza macho, lakini maua si mavuno.

Mwaka 2020 ulikuwa mzuri. Kanada nzima ilivuna tani zipatazo milioni 19 na nusu za kanola. Ukigawanya kwa eka zilizovunwa, kila eka ilitoa zaidi ya kilo 900, yaani kama magunia 9 ya kilo 100. Majira ya kupanda ya 2021 yalipofika, bei ilikuwa inapanda. Wakulima wengi walitia sahihi mikataba ya kuuza sehemu ya mavuno yaliyokuwa bado shambani.

Mwishoni mwa Juni likaja joto kali ambalo halijapata kuonekana huko, na ukame ukafuata. Mavuno ya mwaka huo yalikuwa kama tani milioni 14 tu. Eka moja ilitoa zaidi kidogo ya magunia 6. Huo ni wastani wa nchi nzima. Wengine walipata pungufu zaidi. Kwa kuwa kanola ilikuwa haba, bei yake ilizidi kupanda. Tazameni basi hali ya mkulima aliyeahidi kuliko alichovuna. Ilimbidi alipe tofauti ya bei kwa mzigo asiokuwa nao. Hakuwa mvivu, wala hakulima vibaya. Aliahidi kwa kuutazama mwaka uliopita. Mwaka uliofuata, 2022, mavuno yalirudi kupita tani milioni 18.

Hapo ndipo tunafika kwenye hesabu yetu. Tuseme mkulima mmoja alivuna magunia haya kwa eka katika miaka mitano: 9, 9, 4, 8, 5. Jumlisheni: ni magunia 35. Gawanyeni kwa 5. Wastani ni magunia 7. Sasa tazameni vizuri. Hakuna hata mwaka mmoja aliovuna magunia 7 hasa! Na katika miaka miwili kati ya mitano alipungukiwa. Wastani unatuambia habari za miaka mingi, hauahidi mwaka huu. Kwa hiyo mkulima mwenye busara huuliza maswali mawili: wastani wangu ni ngapi, na mwaka wangu mbaya kabisa ulikuwa ngapi? Mipango ya maendeleo aifanye kwa wastani. Deni na ahadi azipime kwa mwaka mbaya.

Kanada ilitunga sheria ya bima ya mazao mwaka 1959. Bima hiyo haifanyi kazi bila kumbukumbu za mavuno ya miaka ya nyuma. Kichwa cha mtu hukumbuka sana mwaka wa neema, na mwaka wa njaa uliopita jana. Miaka ya katikati husahaulika. Daftari halisahau.

Nanyi mmejifunza kuandika. Basi andikeni: mwaka, tarehe ya mvua ya kwanza, eka mlizopanda, magunia mliyovuna. Mstari mmoja kwa kila msimu unatosha. Baada ya miaka kumi mtakuwa na kitu ambacho Palliser hakuwa nacho, wala Macoun.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini Palliser na Macoun hawakupatana?
2. Yule mkulima wa hesabu yetu akiahidi kuuza magunia 6 kwa eka, atashindwa miaka mingapi kati ya mitano?
3. Wewe mwenyewe, mwaka mbaya kabisa ulivuna magunia mangapi?