Sungusungu wa Usukuma

Msomaji, bila shaka umepata kumwona sungusungu, mdudu mweusi wa jamii ya chungu, ambaye akiwa peke yake hukanyagwa, bali wakiwa kundi hata ng'ombe huwakimbia. Ndilo jina walilopewa walinzi wa vijiji vya Unyamwezi na Usukuma, nchini Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Vita vya Tanzania na Uganda vilipokwisha mwaka 1979, bunduki nyingi zilienea mikononi mwa watu, na wezi wa ng'ombe wakazidi ukali. Nawe fahamu kwamba katika nchi ile ng'ombe ndio akiba na ndio mahari. Aliyeibiwa zizi ameibiwa ukoo wake. Polisi walikuwa wachache tena mbali, na wananchi wengi walinung'unika kwamba mwizi akipelekwa kituoni leo, kesho hurudi kijijini akiwacheka.

Basi vijiji vya Kahama na jirani zake vikajikusanya. Walimchagua mkuu wao, wakamwita mtemi, ingawa serikali ilikuwa imekwisha kuufuta utemi wa jadi mwaka 1963. Silaha zao zilikuwa pinde na mishale. Ukelele ulipopigwa usiku, ilimpasa kila mwanamume kutoka na kuandama nyayo, na kijiji cha pili kikapokea msako pale cha kwanza kilipokomea. Aliyepatikana na hatia alitozwa ng'ombe. Akikataa alitengwa: hakuna wa kumsalimu, wala wa kumpa moto. Nadhani adhabu hii ilitisha kuliko mshale, kwani mkulima asiye na jirani ataishije?

Wizi ulipungua sana. Lakini watu walewale walioamua nani mwizi, walianza pia kuamua nani mchawi, na ajuza wasio na mtetezi wakapigwa na kufukuzwa makwao, wengine waliuawa. Hapo serikali ilikuwa njia panda. Rais Nyerere na chama chake waliwasifu walinzi hao, hali mahakama ziliwahukumu baadhi yao. Mwaka 1989 Bunge likapitisha sheria ya kuwaingiza katika utaratibu wa mgambo, wapate uwezo wa kukamata watu, ila hukumu ibaki kwa hakimu.

Desturi hiyo ilivuka mpaka. Wakuria wa Kenya, waliochoshwa na wizi wa mifugo, waliunda sungusungu wao mwaka 1998. Kisha, baada ya shambulio la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa Nyumba Kumi, ulioigwa kutoka kwa mabalozi wa nyumba kumi wa chama cha TANU. Safari hii jirani hakupewa upinde. Kazi yake ni kumjua jirani na kupeleka habari kwa chifu au polisi, wala haruhusiwi kumwadhibu mtu.