Utoaji mimba katika sheria ya Oman: Ash Sharqiyah na Ad Dakhiliyah

Kutoa mimba ni kosa la jinai Oman nzima, na Ibra na Sur za Ash Sharqiyah na Nizwa ya Ad Dakhiliyah hazina sheria yao ya peke yao. Kinachofanyika ili kuokoa uhai wa mama hakiadhibiwi. Hata hivyo mikoa hii inastahili makala yake, kwa sababu Nizwa ni kitovu cha kale cha elimu ya Kiibadhi, na kwa sababu maradhi ya damu ya kurithi yanayozigusa familia za huku yameleta maswali ambayo wanasheria hawakuyatazamia.

Kanuni ya Adhabu ya kwanza ilitoka mwaka 1974, na nafasi yake ikachukuliwa na ile ya Amri ya Kifalme 7/2018. Zote mbili zimeweka kifungo kwa mwanamke aliyeitoa mimba yake na kwa aliyemsaidia. Wajibu wa daktari umo katika sheria ya utabibu, iliyoandikwa kwa Amri 22/96 kisha ikaandikwa upya kwa Amri 75/2019. Anayesoma Kanuni ya Adhabu peke yake anapata nusu ya habari. Kanuni ya 2018 inaadhibu pia zinaa, ingawa mashitaka hutegemea malalamiko ya mume, mke au walii. Kwa mtumishi wa nyumbani kutoka Tanzania au Uganda aliyeshika mimba nje ya ndoa, kifungu hicho kinatisha kuliko kile cha mimba. Hata hospitali anaweza kuikwepa.

Sheria hii haieleweki bila fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu. Mjadala wa Waislamu huzunguka hadithi ya Ibn Mas'ud, inayohesabu arubaini tatu, siku 120, kabla roho haijapulizwa. Baadhi ya Mahanafi waliruhusu mimba itolewe kabla ya siku hizo kukiwa na udhuru. Maibadhi, kama Wamaliki, kwa jumla wamekaza tangu mwanzo wa mimba. Katika ufafanuzi wa Kitabu cha Nil, kitabu cha fiqhi ya Kiibadhi, ulioandikwa na Muhammad bin Yusuf Atfayyish wa Mzab, Algeria (aliyefariki 1914), mjamzito hakatazwi dawa za kuangusha tu: hana ruhusa hata ya kula au kunywa cha kumdhuru mtoto, wala kuinua mzigo mzito. Kwa wanawake waliokuwa wakibeba kichwani maji ya falaji, yaani mifereji ya kale ya Oman, hukumu hiyo haikuwa ya vitabuni tu.

Sauti inayosikilizwa zaidi leo ni ya Sheikh Ahmed bin Hamad al-Khalili, Mufti wa Oman tangu 1975. Alizaliwa Mfenesini, Unguja, mwaka 1942, kwa wazazi wenye asili ya Bahla katika Ad Dakhiliyah, akahamia Oman baada ya Mapinduzi ya 1964. Kwa miaka mingi amejibu maswali ya watazamaji wa televisheni katika kipindi cha Suala Ahl al-Dhikr, ambamo maisha ya ndoa na uzazi hayakosekani.

Swali gumu zaidi ni la selimundu, mojawapo ya yale maradhi ya damu ya kurithi. Takriban Waomani 6 katika kila 100 wana vinasaba vya ugonjwa huu bila kuugua, na Ash Sharqiyah na Ad Dakhiliyah ni miongoni mwa sehemu zilizoguswa sana. Uchunguzi wa damu umekuta aina za vinasaba zinazohusishwa na Afrika Magharibi, na Bara Hindi na Uarabuni, na pia na nchi za Wabantu. Majahazi ya bandari ya Sur hayakubeba tende na boriti tu, yalibeba na watu. Wenza wawili wenye vinasaba hivyo hukabiliwa, kwa kila mimba, na uwezekano wa robo wa kupata mtoto mgonjwa. Mwaka 1990 Baraza la Fiqhi la Makka liliruhusu mimba yenye ulemavu mkubwa usiotibika itolewe kabla ya siku 120, kwa idhini ya wazazi na uthibitisho wa madaktari. Lakini selimundu inatibika kwa kiasi, na wagonjwa wake huishi, husoma na kuoa, kwa hiyo ruhusa hiyo haiifikii mimba ya namna hii kirahisi.

Wakati huohuo dunia imekwenda pande mbili. Argentina iliruhusu utoaji mimba mwishoni mwa 2020, na Ufaransa ikauandika uhuru huo katika katiba mwaka 2024. Poland ilikaza 2020, na Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta mwaka 2022 hukumu ya Roe, iliyokuwa ikilinda haki ya kutoa mimba. Tunisia imeruhusu hadi miezi mitatu tangu 1973. Kilicho karibu zaidi na Oman ni uamuzi wa Falme za Kiarabu wa 2024: mimba ya kubakwa au ya maharimu yaweza kutolewa ndani ya siku 120, kwa mkazi aliyekaa nchini humo angalau mwaka mmoja. Sharti hilo la ukaazi linamzuia anayetaka kuvuka mpaka kutoka Oman kule Buraimi kwa ajili hiyo tu.

Oman yenyewe imelishika suala mapema zaidi, kabla ya mimba kutungwa. Uzazi wa kupanga hutolewa bure katika vituo vya serikali tangu 1994. Upimaji wa wachumba, uliokuwa wa hiari, serikali ilitangaza kuwa utakuwa wa lazima kuanzia 2026. Majibu yakitoka mabaya, wachumba hupewa ushauri, na uamuzi wa kuoana hubaki kwao.