Kofia ya viua

Kofia ya mviringo ya kitambaa cheupe cha pamba, inayodariziwa kwa mkono Lamu na kwingineko katika mwambao wa Waswahili. Ina sehemu mbili: ukanda unaozunguka kichwa na kifuniko bapa cha juu. Mshonaji huchora nakshi, hutoboa tundu dogo, kisha huzungusha uzi ukingoni hadi tundu lisimame bila kuchanika. Hicho ndicho kiua. Kofia nzuri huweza kuchukua miezi, na bei yake husema hivyo. Viua si pambo tupu: hupitisha hewa, jasho likakauka, jambo lenye maana katika joto la visiwani.

Wabunifu wa mavazi yenye vihisio, yanayopima joto la mwili au mapigo ya moyo, wanakabili swali la mshonaji huyo: uzi upite wapi bila kumkera mvaaji? Mwaka 2017 Google na Levi's walitoa jaketi lenye nyuzi za kupitisha umeme kwenye mkono wa kushoto. Ulipoipapasa nguo, simu ilitii. Kifaa chake cha umeme kililazimika kuchomolewa kabla ya kufua. Kofia hufuliwa nzima, ikatiwa wanga.