Jua la Moshi na Lawama ya Utasa

Moshi haikosi jua. Mji uko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa Ikweta, na ngozi ya mtu hapa inaweza kutengeneza vitamini D mwaka mzima. Mwaka 2012, Luxwolda na wenzake walichapisha vipimo vya damu vya Wamasai na Wahadzabe 60 wa Tanzania wanaoishi maisha ya jadi. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, wakati wataalamu wengi huona 50 inatosha.

Lakini siku hizi mwanamke anayetafuta mtoto huambiwa na shoga yake ameze vidonge vya vitamini D, hasa akishaelezwa kuwa ana PCOS. Katika hali hiyo homoni huvurugika, mayai hayapevuki kwa wakati, na hedhi inaweza kupotea kwa miezi. Humpata takribani mwanamke mmoja kati ya 10.

Irving Stein na Michael Leventhal waliieleza mwaka 1935 huko Chicago. Wanawake wao walikuwa saba tu. Waliwafanyia upasuaji na kukata kipande cha kila ovari. Hedhi zikarudi, na wawili wakapata mimba. Ugonjwa ukapata jina.

Huku mlimani mwanamke alikuwa na jina lake tayari: tasa. Kihamba hurithiwa kwa upande wa baba, toka kwa mzee hadi kwa mwanawe. Mke asiyezaa alionekana kama anayekata mnyororo huo, na mume hakuulizwa kitu. Mwaka 1971 KCMC ikafunguliwa mjini Moshi, na hospitali kubwa ya rufaa ikawa karibu. Lawama haikuondoka.

Mwaka 2005 McCloskey, Williams na Larsen walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanawake wa Moshi wenye umri wa miaka 20 hadi 44. Waliopata shida ya kushika mimba walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufanyiwa ukatili na wenzi wao. Kwa hiyo, kukosa mtoto kunaweza kumletea mwanamke kipigo.

Ndiyo maana kidonge kinavutia: ni rahisi, na hunywewa kimyakimya. Ni kweli kwamba wanawake wengi wenye PCOS wamekutwa na vitamini D pungufu, na aliyepungukiwa anastahili kutibiwa. Ila upungufu kuandamana na ugonjwa si sawa na kuusababisha, na ushahidi haujatosha kuiita vitamini D tiba ya uzazi. Ikizidi mwilini, hupandisha kalisi katika damu na kudhuru figo. Dawa yenye ushahidi ni letrozole: katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2014, kwa wanawake 750, asilimia 27.5 ya walioitumia walijifungua watoto hai, dhidi ya 19.1 waliopewa clomiphene. Hutolewa na daktari baada ya vipimo, na mbegu za mume nazo hupimwa.

Uchagani, aliyekosa huomba msamaha kwa jani la isale, na ni vigumu kulikataa. Nikiwaza wanawake walioitwa tasa kabla mtu yeyote hajawapima, naona tunadaiwa majani mengi. La kwanza alishike mume, akiwa kwenye foleni ya kliniki pamoja na mkewe.