Mgeni wa Wiki Tano: Hans Christian Andersen katika Mwaka 1857

Tarehe 11 Juni 1857 Hans Christian Andersen aliwasili Gad's Hill, nyumba ya Charles Dickens iliyo karibu na mji wa Rochester, Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka 52, na ngano zake zilikwisha kuvuka mipaka ya Denmark na kuingia katika lugha kadhaa za Ulaya. Alikuwa ameahidi kukaa wiki moja, au mbili zikizidi. Alikaa tano. Wahenga wa pwani walikwisha kusema la kusemwa juu ya mgeni, siku ya tatu na jembe. Lakini Andersen hakuwa mtu wa kushikishwa jembe, wala Dickens hakuwa mtu wa kumkabidhi mgeni jembe usoni pake. Yaliyokuwa moyoni mwa mwenyeji yalitoka baadaye, mgeni akiwa keshakwenda zake.

Wasomaji wengi humjua Andersen kwa bata wake mwenye sura mbaya na nguva wake mdogo, wakadhani kuwa huyu alizaliwa mtunzi wa watoto. Sivyo. Mtoto huyu wa mshona viatu na mfua nguo wa Odense alitoka kwao mwaka 1819, umri miaka 14, akaenda Copenhagen kwa tamaa moja tu: jukwaa. Alijaribu kuimba, sauti ikabaleghe na kumponyoka. Alijaribu kucheza dansi, viungo vikamkataa. Alijaribu kuigiza, akaambiwa umbo halifai. Jonas Collin, mmoja wa wakuu wa Jumba la Kifalme la Maigizo, ndiye aliyemwombea fedha za mfalme apelekwe shule, na hivyo kijana akaingia katika kusoma na kuandika kwa mlango wa nyuma wa ukumbi wa michezo. Tamthilia yake ya kwanza ilionyeshwa katika jumba hilo mwaka 1829. Kijitabu chake cha kwanza cha ngano kilitoka baadaye, mwaka 1835.

Mwaka 1840 alipata sifa jukwaani kwa tamthilia iitwayo Mulatten, inayohusu mtu wa damu mchanganyiko katika kisiwa cha Martinique, ambaye hupelekwa kuuzwa mnadani. Denmark wakati huo ilikuwa na visiwa vyake yenyewe katika bahari ya Karibi, na watumwa wake. Haikuwafungulia mpaka mwaka 1848. Msomaji wa visiwa hivi vyetu, ambako soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, ataiona tamthilia hiyo kwa jicho jingine kabisa kuliko watazamaji wa Copenhagen walioishangilia jioni na kurudi kwao kula chakula cha usiku.

Basi tamaa ya jukwaa haikumtoka. Kila mji alioufikia, jambo la kwanza aliloliuliza lilikuwa nini kinachoigizwa usiku. Na mwaka 1857 ulimpa mengi ya kutazama.

Urafiki wake na Dickens ulianza mwaka 1847, alipofika London mara ya kwanza akiwa mtu wa kualikwa kila baraza ya wakubwa. Walikutana nyumbani kwa Lady Blessington, na alipoondoka, Dickens alifika bandari ya Ramsgate kumuaga. Miaka kumi ya barua ikafuata. Andersen aliishi kwa kumbukumbu ile ya bandarini. Riwaya yake mpya, To Be or Not to Be, ilitoka mwaka huo huo wa 1857, na toleo la Kiingereza alimtunukia rafiki yake.

Lakini nyumba aliyoingia ilikuwa na mizigo yake. Siku tatu kabla ya kufika kwake alikuwa amefariki Douglas Jerrold, mwandishi na rafiki wa Dickens, na Dickens alikuwa mbioni kutafuta pauni 2,000 za kumsaidia mjane kwa njia ya maonyesho na visomo. Riwaya yake ndefu, Little Dorrit, ilikuwa ndiyo kwanza imemalizika. Mwanawe Walter, kijana wa miaka 16, alikuwa akifungashiwa mizigo ya kwenda jeshini India, ambako hakurudi tena. Na kati ya mume na mke palikuwa na ufa uliokuwa ukipanuka.

Mgeni hakuyaona haya. Kiingereza chake cha kusema kilikuwa duni, na Dickens aliwachekesha marafiki kwa mzaha juu ya lugha zote alizojaribu Andersen, akidai kuwa hata Kidenmark chenyewe huenda hakijui. Mzaha huu ni mkali, tena una dhuluma ndani yake. Andersen alikuwa mmoja wa waliokitoa Kidenmark cha vitabu katika ukavu wake na kukirudishia sauti ya mtu asimuliaye. Waingereza waliousoma ufundi huo tangu mwaka 1846 waliupata kupitia tafsiri, na nyingine zilipitia Kijerumani kwanza. Aliyepoteza utamu njiani ni mtumbuizaji mwingine, lakini aliyechekwa mezani ni mtunzi mwenyewe. Watu wa kazi ya kutafsiri wanalijua jambo hili.

Asubuhi ya kwanza alimtaka mmoja wa vijana wa nyumba amnyoe ndevu, kama ilivyokuwa desturi kwao kwa mgeni wa heshima. Vijana wakastaajabu; ikabidi awe akipelekwa kwa kinyozi wa Rochester. Jambo moja tu lilikuwa halihitaji lugha: mkasi. Alikunja karatasi, akakata huku akizungumza, akaikunjua, na humo wakatoka wachezaji dansi, miti na majumba.

London ilimpa alichokitaka. Alihudhuria tamasha la Handel katika jumba la kioo la Crystal Palace, palipokusanywa waimbaji wapatao elfu mbili. Alimtazama Adelaide Ristori, mwigizaji wa Italia, akiwa Lady Macbeth. Akaenda Princess's Theatre kutazama The Tempest ya Shakespeare kama alivyoitengeneza Charles Kean, iliyofunguliwa tarehe 1 Julai. Hapa pana jambo la kulitulia. Kean alikuwa bingwa wa mandhari: merikebu ikaangamia mbele ya macho ya watu, mapepo yakaruka angani, na mafundi zaidi ya mia moja wakahangaika kila usiku na kamba na magurudumu. Andersen, mtu aliyejaza ngano zake maajabu ya kila namna, alitoka hakuridhika. Kwa maoni yake mashine ziliumeza ushairi, na Shakespeare akawa hasikiki. Hukumu hiyo ni ya haki, na inashangaza kwa kuwa ilitoka kwa mtu ambaye Kiingereza chenyewe alikipata nusunusu. Mtu aliyezoea kuumba ikulu ya mfalme wa bahari kwa maneno matupu hakuhitaji kuonyeshwa mawimbi ya kitambaa. Hata katika utenzi unaoghaniwa barazani, msikilizaji huiona vita bila ya kuletewa farasi.

Usiku mkubwa kuliko yote ulikuwa wa tarehe 4 Julai, katika Gallery of Illustration, mbele ya Malkia Victoria. Iliigizwa The Frozen Deep, tamthilia ya Wilkie Collins, na Dickens mwenyewe alikuwa Richard Wardour, mtu aliyepotea katika barafu za kaskazini pamoja na mwanamume aliyempokonya mpenzi. Wardour ameapa kumuua. Mwishoni anamwokoa, anamfikisha kwa mwanamke yule, kisha anakufa. Dickens aliigiza kifo hicho hata watu wakalia, na Andersen miongoni mwao. Aliona ufundi mkuu. Hakuona kuwa mtu yule juu ya jukwaa alikuwa akitoa uchungu wa kwake. Mwezi wa Agosti tamthilia hiyo ilipelekwa Manchester pamoja na waigizaji wa kike wa kulipwa, mmoja wao Ellen Ternan. Na mwaka 1858 Dickens na mkewe Catherine walitengana.

Catherine ndiye aliyemvumilia mgeni kuliko wote. Jarida la Athenaeum lilipoishambulia riwaya mpya, Andersen alijilaza kifudifudi kwenye majani ya bustani akilia, na bibi huyo akamtuliza. Dickens naye alimpoza kwa namna yake: aliandika kitu mchangani kwa ncha ya kiatu, akasema huo ndio uhakiki, kisha akaufuta kwa mguu.

Tarehe 15 Julai Andersen aliondoka. Mwezi wa Septemba alikuwa Weimar, kwa mtawala Carl Alexander, rafiki yake wa zamani ambaye vita vya Denmark na Wajerumani vya mwaka 1848 vilikuwa vimemtenganisha naye. Tarehe 4 ilifunuliwa mbele ya jumba la maigizo sanamu ya Goethe na Schiller, kazi ya Ernst Rietschel, washairi wawili wakiwa wamesimama bega kwa bega. Na siku ya pili yake Liszt akatoa kwa mara ya kwanza simfoni yake ya Faust. Huko hakuna aliyemhesabia siku zake.

Gad's Hill, Dickens alibandika kikaratasi juu ya kioo cha chumba cha wageni, kueleza kuwa Andersen alilala humo wiki tano zilizoonekana kwa jamaa wa nyumba kuwa dahari. Barua zake zikakoma upesi. Mwaka 1860 Andersen alichapisha katika gazeti la Copenhagen makala ndefu juu ya ziara ile, akiisifu furaha ya nyumba hiyo na upendo wa mke na mume, wakati ambapo Catherine alikuwa keshahamishwa zamani. Aliendelea kumwandikia Dickens, akimtumia vitabu na kumjulisha wasafiri wa Denmark waliokuwa wakienda London. Hakujibiwa.