Sarafu ya Serikali Mkononi mwa Raia

Mzee akifariki, watoto hufungua sanduku lake, na si mara chache chini ya nguo na karatasi za ubatizo hukuta sarafu za zamani: moja yenye tundu katikati, nyingine yenye tembo, nyingine yenye sura ya mfalme wa Wabelgiji. Je, mali hiyo ni ya nani? Wengine husema ni ya serikali, kwa kuwa serikali ndiyo iliyopiga chapa, nao huificha kama kitu cha wizi au humpa mfua vyuma kwa bei ya chumvi. Wengine hungoja siku ambayo benki itawalipa. Twaona kwamba wote wamepotea njia, na yafaa tueleze kwa nini, maana katika nchi yetu kutojua jambo hili kumekwisha kuwafukarisha watu wengi kwa muda wa juma moja.

Faranga ilianzishwa Kongo kwa amri ya mfalme Leopold II, tarehe 27 Julai 1887. Sarafu ndogo zilikuwa za shaba, na kwa sababu ya tundu lile mtu aliweza kuzitunga katika uzi kama shanga. Sarafu za faranga moja, mbili na tano zilikuwa za fedha hasa. Ile ya tano ilikuwa na uzito wa gramu 25. Zile zenye tembo zilianza kupigwa wakati wa vita vya pili vya dunia. Ubelgiji ulikuwa umetekwa na Wajerumani, kwa hiyo Kongo ilitafuta mafundi kwingine. Mwaka 1943 sarafu ya faranga mbili yenye pembe sita ilipigwa Philadelphia katika Marekani, na mwaka 1944 ile kubwa ya faranga 50 ilipigwa Pretoria katika Afrika Kusini. Hiyo ya 50 ina gramu 17 na nusu, na nusu ya uzito wake ni fedha safi. Asiyejua huiona kama kipande cha chuma.

Sasa tushike jambo lenyewe. Katika sarafu kuna vitu viwili: madini, na nguvu ya kulipia. Madini ni mali ya mtu aliyeipata sarafu kwa haki, kwa mshahara wake au kwa kuuza maharagwe yake sokoni. Nguvu ya kulipia hutoka kwa serikali, na serikali yaweza kuiondoa kwa tangazo moja. Mwezi wa Juni 1967 faranga elfu moja ziligeuzwa kuwa zaire moja, na zaire ikagawanywa katika makuta mia. Neno makuta lingali midomoni mwetu kwa maana ya fedha yoyote, ingawa makuta yenyewe yamekwisha kuzikwa.

Lakini pigo lililoumiza lilikuja baadaye. Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli, ilitangazwa kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina nguvu tena. Mipaka ya nchi ilifungwa. Watu walipewa siku chache tu za kubadili, na kiasi cha kubadili kiliwekewa kikomo. Aliyekaa mjini karibu na benki alipanga mstari na kuokoa kidogo. Mkulima wa mbali, aliyeuza mbuzi na kahawa na kuweka noti zake katika chungu, alifanyaje? Wengi walibaki na karatasi. Angalieni vizuri: askari hakutumwa aingie nyumbani kuchukua zile noti. Ziliachwa palepale, ni mali ya mwenyewe kabisa, na hazikununua hata sabuni. Ndiyo maana tulisema kwamba anayengoja kulipwa na benki kwa sarafu ya mwaka 1944 anangoja bure. Walakini yeye ni afadhali kuliko mwenye noti, kwa kuwa fedha iliyomo haikuondolewa na tangazo lolote.

Tena sarafu iliyokufa yaweza kupanda bei kwa sababu ya uhaba wake. Mwaka 1916 Wajerumani wa Afrika ya Mashariki, wakiwa wamezingirwa na adui, walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli ya Tabora. Dhahabu ilitoka Sekenke. Zilikuwa 16,198 tu, zenye picha ya tembo mbele ya mlima. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo askari wetu wa Kongo wakauteka Tabora. Serikali iliyozipiga ilikwisha kabisa, lakini sarafu zake huuzwa mnadani mchana kweupe, wala mwenye moja hahesabiwi mwizi.

Je, yawezekana basi sarafu ya serikali isiwe mali halali ya mwenye kuishika? Ndiyo, yawezekana, na kesi mashuhuri ya namna hii ni ya Marekani. Tarehe 5 Aprili 1933 Rais Roosevelt aliwaamuru raia warudishe dhahabu yao serikalini. Waliachiwa kiasi kidogo, pamoja na sarafu adimu zenye thamani ya pekee kwa wakusanyaji. Mwaka uleule zilikuwa zimepigwa sarafu 445,500 za dola 20, za dhahabu, lakini hazikutolewa kwa watu. Karibu zote ziliyeyushwa. Chache zilipenya nje ya ghala, na tangu mwaka 1944 wapelelezi walizifuata moja moja. Hakimu hakuuliza tu, “Nani anayo?” Aliuliza, “Ilitokaje mlangoni?” Kitu ambacho serikali haijakitoa bado ni chake, hata kikipita mikono kumi.

Moja tu ilipata ruhusa. Mwaka 1944 maofisa walikuwa wameiandikia kibali cha kusafirishwa kwa ajili ya Farouk, mfalme wa Misri, pasipo kutambua walichokuwa wakikifanya. Iliponaswa New York mwaka 1996, pande mbili zilipatana baada ya miaka mitano. Mwaka 2002 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni saba na nusu, na mnunuzi akatozwa dola 20 zaidi, ili kwamba sarafu ihesabiwe kuwa imetolewa kwa halali! Sheria ina ucheshi wake. Jamaa moja ya Philadelphia iliyokuwa na kumi nyingine ilishindwa kesi, na mwaka 2017 mahakama kuu ya nchi ile ilikataa kuisikiliza rufani yao. Zile kumi zimebaki kwa serikali.

Sisi wa Fataki twapaswa kuongeza neno moja, maana machimbo ya Kilo hayako mbali nasi. Tangu dhahabu ilipogunduliwa huko mwaka 1903, sheria iliichunga dhahabu ghafi kwa ukali. Zamani za Wabelgiji, na miaka mingi baada yao, raia aliyekutwa na dhahabu ya mchanga bila ruhusa aliweza kufungwa. Mwaka 1982 ndipo mlango ulipofunguliwa kwa wachimbaji wadogo, na sasa Sheria ya Madini ya tarehe 11 Julai 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, yamtaka mchimbaji awe na kadi, na mchuuzi naye awe na yake.

Kwa hiyo mwenye sarafu ya thamani asikimbilie kumpelekea mfua dhahabu. Katanga ilipojitenga ilipiga mwaka 1961 sarafu 20,000 za dhahabu za faranga tano, zenye ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili. Ikiwa na chapa yake, kila mtu husoma ni kitu gani na imetoka wapi. Ikiyeyushwa, ni donge la dhahabu kama madonge mengine ya Mongbwalu, na afisa wa madini ana haki ya kuuliza limechimbwa wapi na kwa kadi ya nani.