Kingamwili kisha chanjo ya Covid-19: ile nambari ya labo inasema nini?

Mtu anachanjwa Covid-19, kisha miezi sita anakamatwa na ugonjwa ule ule. Hapo majirani wanasemaka: «Munaona? Ile chanjo ni bure.» Wengine wanakimbilia kupimisha damu ili wajue kama wangali na kinga, na wanatoa pesa kwa hiyo kazi. Wakaaji wengi wa Goma, Bukavu ao Bunia wamesikia maneno kama hayo. Lakini ile nambari inayotoka labo inasema kitu gani hasa?

Chanjo inafundisha mwili kutambua virusi mbele virusi yenyewe haijafika. Mwili unatengeneza kingamwili, zile waganga wanaita «anticorps». Zinashika virusi na kuizuia isiingie ndani ya chembe za mwili. Kisha chanjo zinapanda sana, halafu zinashuka polepole mwezi kwa mwezi. Kushuka huko ni kawaida.

Je, mwenye kingamwili kidogo anaambukizwa kwa urahisi? Ndiyo, kwa sehemu. Katika hospitali ya Sheba, inchi ya Israeli, watafiti walifuata wafanyakazi wa afya waliochanjwa kikamilifu. Kati ya 1.497 waliopimwa virusi, 39 walikutwa nayo. Kingamwili za hao walioambukizwa zilikuwa chini kuliko za wenzao ambao hawakuambukizwa. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2021. Wengi kati ya wale 39 waliugua kidogo tu ao hawakusikia kitu.

Utafiti wa chanjo ya Moderna kule Marekani ulionyesha hesabu yenyewe. Tuseme kati ya watu wasiochanjwa wanaugua 100. Katika kundi la ukubwa ule ule la watu waliochanjwa, wenye kiwango cha kingamwili cha 10 wangeugua kama 22. Wenye kiwango cha 100 wangeugua 9, na wenye 1.000 wangeugua 4. Angalia vizuri: kiwango kinapanda mara mia moja, hatari inashuka, lakini haifiki sifuri. Na hata wale wa chini kabisa wanabaki na kinga ya maana. Hakuna mstari ambao mtu akiuvuka anakuwa salama, na akiwa chini yake amekwisha. Inafanana na mvua na koti: koti zito linazuia zaidi, lakini hata jepesi si sawa na kutembea wazi.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalielezwi sana. Kuzuia maambukizi na kuzuia ugonjwa mkali si kitu kimoja. Mwaka 2021 watafiti wa Australia walikusanya matokeo ya chanjo saba. Walichukua kama kipimo kingamwili za watu waliopona Covid-19. Ili kupunguza nusu ya hatari ya kuugua, ilihitajika karibu asilimia 20 ya kiwango hicho. Kwa ugonjwa mkali, asilimia 3 ilitosha. Ndiyo sababu mtu aliyechanjwa anaweza kukohoa siku nne na asifike kwenye oksijeni. Tena mwili uko na chembe zenye kukumbuka: virusi ikiingia, zinaamka na kutengeneza kingamwili mpya, na zingine zinaua chembe zilizokwisha kuambukizwa. Kipimo cha kawaida cha kingamwili hakizihesabu.

Virusi nayo inabadilika. Omikroni, iliyotambuliwa Novemba 2021 kusini mwa Afrika, inakwepa sehemu kubwa ya kingamwili za chanjo za kwanza. Kwa hiyo kiwango kilichotosha mwaka 2020 hakikutosha tena.

Kupimisha damu kunasaidia? Kwa mtu wa kawaida, hapana. Labo mbili zinaweza kutumia vipimo tofauti, na nambari zao hazilinganishwi hivi hivi. Vipimo vingine vinatafuta kingamwili za sehemu ya virusi ambayo haimo katika chanjo kama AstraZeneca, ile Congo ilianza nayo tarehe 19 Aprili 2021. Mtu aliyechanjwa vizuri anaweza kuambiwa «hakuna kitu», akarudi nyumbani na woga wa bure. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya tangu Mei 2021 kwamba vipimo hivyo visitumiwe kupima kinga ya chanjo.

Shirika la afya duniani, OMS, haliombi nambari hiyo. Mwezi wa Machi 2023 lilishauri dozi ya nyongeza, miezi 6 ao 12 kisha dozi ya mwisho, kwa wazee, watu wazima wenye magonjwa kama sukari, wenye kinga dhaifu na wafanyakazi wa afya. Mama mwenye mimba naye anashauriwa kupata dozi kama miezi 6 imepita tangu ile ya mwisho. Mwenye kuwa katika hayo makundi aende kwenye kituo cha afya na karte yake ya chanjo, aulize kama dozi iko. Na mzee aliyechanjwa akianza kukosa pumzi, apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama karatasi ya labo inasema kingamwili zake ziko juu.